Rika la Vumbi

Tulianza na wazima.
Hilo ndilo asilolielewa mkwe wangu Belmiro,
anayeniuliza kila Krismasi kwa nini nilimaliza miaka thelathini na mmoja
nikiwapima pumzi watu wasioumwa.
Namjibu: mgonjwa ukimuuliza jana yake
huikumbuka kwa kidonda chake.
Mzima hana sababu ya kuipinda.

Basi, Februari moja ya mvua, Vale de Sobros,
kusini mwa Ureno, nchi ya mialoni na vizibo,
nilibisha hodi mlango kwa mlango,
kipima pumzi ndani ya kapu la mayai.
Mia nne na kumi na wawili.
Wa ghalani, wanaopanga magome yaliyochemshwa,
ambako ukungu mweupe huota juu ya gome
kama nywele za mtoto mchanga;
na wa ng'ambo ya mto, makarani, washona viatu, mwalimu wa hesabu,
wasioshika gome ila wakizibua chupa.
Mwokaji Zeferino alitaka kuingia, nikamkatalia:
unga nao ni vumbi.
Alininunia miaka miwili, akiniuzia mkate wa jana.

Vuta. Puliza. Tena. Asante.

Kisha ikaja kazi yenyewe, nayo ni kungoja.
Sikumtia mtu vumbini, sikumtoa.
Ghala lilikwisha kuwagawa kabla yangu,
ghala, na ukoo, na nani babake alikuwa na duka.
Mimi nilishika daftari.
Subira huvuta heri, husemwa;
yangu ilivuta vikohozi.

Mwaka wa kumi na nne tulihesabu:
kati ya kila mia wa ghalani, ishirini na saba.
Kati ya kila mia wa ng'ambo, tisa.
Mara tatu, nikasema, nikaketi.
Mwenye kiwanda akaleta wakili, wakili akaleta sigara:
wa ghalani huvuta zaidi, mama, hukuliona hilo?
Tukawatenga wavutao na wasiovuta, tukahesabu upya usiku kucha.
Mara mbili na ushei.
Ule ushei niliupigania kama shamba la urithi.

Lakini walioninyima usingizi ni waliopotea.
Aliyehama kwa kikohozi na aliyehama kwa mapenzi
huandikwa kwa alama ileile.
Niliwaandikia kadi, Lyon, Luxemburg, popote.
Custódio alijibu mara moja tu:
*Bado napumua. Usiniandikie tena.*
Nikaandika: yu hai. Nikaitunza kadi.

Na ndugu yangu Adérito, namba themanini na nane,
karani wa posta, hakushika gome, hakuvuta,
mapafu yake yalifunga mwaka wa kumi na tatu.
Nilimwandika upande wake, mkono wangu mwenyewe,
kati ya wale tisa.
Mama alitaka nimhamishe.
Alidhani upande ule mwingine ungempa sababu.

Siku hizi ghala lina feni za kufyonza,
na mwana wa Belmiro anafanya kazi chini yake akipiga miluzi.
Sijui kama ndiye.
Kikohozi ambacho hakikuja hakina uso,
hakina jina, hakiletewi maua;
nami siwezi kumwonyesha Belmiro mwanawe
nikamwambia, huyu hapa, ndiye niliyekuwa nikimhesabu.

Februari hii milango ilibaki sitini na mitatu.
Eulália, miaka arobaini na mmoja ghalani,
alipuliza hadi mshale ukagota mwisho.
"Mimi ni yupi," akauliza, "katika hao ishirini na saba?"
Wewe ni wa sabini na watatu, nikamwambia.
Akafikiri. Akafuta mdomo kwa aproni.
"Basi lete nipulize tena.
Usije ukawa umekosea."